Namba Baada ya Kazi Njema

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asinitarajie ushujaa huko mbele. Utotoni niliogopa radi na mbwa wa jirani, na nilipoajiriwa nikaongeza hofu ya tatu, hofu ya bahasha. Miaka ile bahasha za kaki zilikuwa zinatembea Morogoro nzima. Viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa, na kila mwekezaji aliyeingia alianza kwa kupunguza watu. Mtu akiitwa ofisini akatoka na bahasha, wenzake waliacha kumwangalia usoni, kana kwamba kupunguzwa kazi kunaambukiza.

Kiwanda chetu cha kusindika matunda, pale chini ya milima, kilikuwa kimelala miaka kadhaa kabla ya kupata mnunuzi. Kilipoamka, wengi wetu hatukuitwa tena. Mimi niliitwa kwa sababu moja tu: nilijua kompyuta, au niseme niliziogopa kidogo kuliko wenzangu. Nilipewa meza, kiti chenye mguu mmoja mfupi, na mashine iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika kwetu. Mhadhiri mmoja wa pale mjini alinipa diski ya Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, akanifundisha Jumamosi kadhaa bila kunidai kitu zaidi ya embe.

Mjomba wangu naye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Ni kaka yake mama, na kwetu Uluguru, ambako ukoo unakwenda kwa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Kwangu alikuwa zaidi ya hapo. Baba aliondoka ningali mdogo, na mjomba ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule, akinitania njia nzima kwamba nina uzito wa mkungu wa ndizi na akili za mgomba. Kila nikiandika neno "baba" kwenye fomu yoyote, sura inayonijia ni ya kwake.

Kazi yake ilikuwa huko juu, kwenye banio. Banio ndipo maji ya mto yanapoelekezwa kwenye bomba la kuja kiwandani. Kabla ya kuingia bombani, maji hupita kwenye shimo refu la saruji, mchanga ukatua chini. Kila Alhamisi mlango wa maji ulifungwa, wanaume wakashuka kwa ngazi na makoleo kuuchota huo mchanga. Shimo lile lilikuwa na kina cha watu wawili na nusu, na ngazi ilikuwa moja. Anayeujua mto wa mlimani anajua hofu yake: mjini jua linawaka, watu wameanika nguo, kumbe huko juu mvua imenyesha saa nzima, na maji yanakuja kwa pamoja na magogo yake. Mtu akikutwa shimoni, habari yake imekwisha.

Kwa hiyo mjomba alikaa juu ya jiwe kubwa, mwendo mfupi kupanda mto, akiutazama na kuusikiliza. Makaratasi ya shirika yalimwita msaidizi wa banio. Yeye alisema kazi yake ni kukaa tu na kuwa na wasiwasi kwa niaba ya wengine. Aliujua mto kwa mlio. Ulipobadilika, au majani mabichi ya migomba yalipoanza kupita, alipiga ukelele, na watu shimoni walipanda bila kuuliza. Miaka yote aliyokaa kwenye jiwe lile hakuna aliyekufa.

Meneja mpya alipofika, kijana mtanashati kutoka Dar es Salaam, aliniita ofisini, akasoma orodha ya wafanyakazi mbele yangu, kalamu mkononi. Alifika kwa mjomba akacheka.

"Huyu analipwa kukaa kwenye jiwe?"

Kisha akanigeukia. Aliuliza kama kompyuta haiwezi kuangalia mto. Nilijua jibu la kweli. Jibu la kweli lilikuwa kwamba inaweza, ila isiachwe peke yake. Lakini kwenye kona ya meza yake palikuwa na bahasha za kaki, nami macho yangu yalikuwa huko. Nikasema, "Inawezekana, bosi."

Basi nafasi ya mtu wa jiwe ikafutwa. Nililia kwa meneja mpaka akakubali mjomba arudi kama kibarua wa mchanga. Niliona nimemsaidia. Nilichofanya hasa ni kumtoa juu ya jiwe na kumshusha shimoni, halafu nikaweka uhai wake mikononi mwa mashine yangu.

Mashine yenyewe ilifanya kazi hivi. Juu zaidi ya jiwe la mjomba tuliweka boya. Maji yakipanda, boya linapanda, na habari zake zinateremka kwa waya wa zamani wa simu mpaka kwenye kompyuta yangu. Humo ndani kulikuwa na programu ya kulisoma boya mchana na usiku; nikaiita Mlinzi. Mlinzi akiona maji yamepanda, anapeleka umeme kwenye king'ora kilichofungwa juu ya nguzo pale banioni.

Lakini programu nazo hufa. Unaikuta mashine inawaka, feni inazunguka, kumbe ile kazi uliyoituma imeshakata roho kimyakimya. Kwa ajili hiyo niliandika programu ya pili, nikaiita Mnyapara. Kila baada ya dakika tano Mnyapara alikuwa anauliza hali ya Mlinzi kupitia programu ndogo ya tatu, ambayo kazi yake ilikuwa kumkagua na kujibu. Akijibiwa ni mzima, anawasha taa ya kijani ukutani. Akijibiwa amekufa, anamfufua na kuwasha taa nyekundu, na amri ilikuwa moja: taa nyekundu ikiwaka tu, tunaita banioni kwa redio ya upepo, watu watoke shimoni.

Mnyapara hakuwa anasoma maneno. Programu hizi zikimaliza kazi zinatoka na namba, na mwenzake anaangalia namba hiyo tu. Sifuri maana yake salama. Moja, au namba nyingine yoyote, maana yake kuna tatizo. Nilipomweleza mjomba alicheka sana. "Shuleni ulipopata sifuri nilikuchapa," alisema. "Leo sifuri ndiyo salama!"

Ile programu ndogo ya kujibu swali la hali niliijaribu siku ya kwanza. Nilimuua Mlinzi kwa makusudi, nikahesabu dakika, taa nyekundu ikawaka. Nilifurahi nikapiga makofi peke yangu. Laiti ningeishia hapo.

Chumba cha mashine kilikuwa na mzee wa zamu, mwanajeshi mstaafu ambaye sote tulimwita Afande. Kazi yake ilikuwa kuangalia taa, na kila asubuhi kubonyeza kitufe ili programu ya hali iandike jibu kwenye kioo, naye alinakili kwenye daftari. Jibu lenyewe lilikuwa kavu, neno moja la Kiingereza. Afande halikumpendeza.

"Binti," aliniambia, "hiki kitu chako hakina adabu. Mimi mtu mzima naingia humu asubuhi, kinanitolea neno moja kama kinanifukuza. Hata shikamoo?"

Nilicheka, lakini niliona ana haki. Mashine ilikuwa kama mtoto wangu, na mtoto asiye na adabu anamwaibisha mzazi. Heshima si utumwa. Nikakaa nikaifundisha Kiswahili. Mwanzoni ikawa inaandika: Shikamoo. Katikati inatoa habari: Mlinzi yuko kazini, au Mlinzi amesimama. Na mwisho, kwa kuwa muungwana haondoki bila kuaga, nikaongeza mstari mmoja: Kazi njema.

Afande alipobonyeza akasoma, akaitikia "Marahaba!" kwa sauti, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Watu wa idara nyingine walikuja kuona kompyuta inayoamkia. Nilivimba kichwa wiki nzima. Sikumuua Mlinzi tena kujaribu, maana nilichobadilisha ni maneno tu, na niliona maneno hayadhuru.

Mjomba akawa anashuka shimoni kila Alhamisi. Kila Ijumaa nilimuuliza, "King'ora mnakiamini, mjomba?" Naye kila Ijumaa alijibu, "Safi kabisa, mama." Nikalala usingizi mzuri, jambo ambalo kwa mwoga ni nadra.

Masika ikaingia. Alhamisi moja, kama saa nane mchana, niliinua kichwa kutoka kwenye kazi zangu nikaangalia dirishani. Kiwandani jua lilikuwa kali mpaka bati zinalia. Lakini mlima haukuwepo. Wingu jeusi lilikuwa limeukalia tangu kileleni mpaka kiunoni, na ndani yake niliona radi ikimulika bila sauti. Nikakimbilia chumba cha mashine kuangalia taa. Ilikuwa ya kijani.

Ningeweza kurudi mezani. Mtu jasiri angerudi. Mimi sikutosheka, nikabonyeza kitufe cha Afande. Kioo kikaandika kwa adabu zake zote:

Shikamoo. Mlinzi amesimama. Kazi njema.

Nilisoma mara mbili. Niliangalia taa, kijani. Niliangalia kioo, amesimama.

"Afande, hii inaandika hivi tangu lini?"

Afande alifungua daftari kwa utulivu, akalamba kidole. "Tangu Jumatatu. Kabla ya hapo ilikuwa inasema yuko kazini. Sasa inasema amesimama. Nikajua kijana ameiva. Mlinzi anayejua kazi hakai, anasimama lindoni."

Mimi niliandika amesimama nikimaanisha ameacha kazi, kama saa inavyosimama. Yeye, mwanajeshi, alisoma amesimama kwa miguu yake miwili, bunduki begani. Wote wawili tulikuwa tunajua Kiswahili vizuri, na kati yetu Mlinzi alikuwa maiti ya siku ya nne.

Lakini taa? Taa haikuwa ya Afande, taa ilikuwa ya namba. Niliiuliza programu namba yake ya kutokea. Sifuri. Hapo nikaelewa, na kuelewa kulinijia kama maji ya baridi mgongoni. Programu ya aina ile ikimaliza, namba inayotoka nayo ni ya tendo la mwisho. Zamani tendo la mwisho lilikuwa kumkagua Mlinzi. Akiwa amekufa, ilitoka moja. Nilipoongeza adabu, tendo la mwisho likawa kusema kazi njema. Na kusema kazi njema hakujawahi kumshinda mtu. Kila dakika tano, tangu Jumatatu, Mnyapara aliuliza, "Mlinzi mzima?" na programu yangu ikampa habari ya kifo, ikaaga vizuri, ikatoka na sifuri.

Nilimfufua Mlinzi kwa mkono. Hakumaliza hata kupumua, akasoma boya: maji yalikuwa juu ya alama ya hatari. Si yanakaribia. Yalikuwa juu tayari, na sikujua tangu saa ngapi.

"Redio," nilimwambia Afande, lakini nilikuwa nimeshaikamata mwenyewe.

"Banio, banio, hapa kiwandani."

Kimya. Mkwaruzo wa upepo tu.

"Banio! Watoe watu shimoni! Banio!"

Kimya tena. Niliita mara ngapi sijui. Nilimwona mjomba shimoni, shati amelivua, koleo mkononi, akitania wenzake, akijua kwamba mpwa wake kule chini ana king'ora. Niliona mikono yake kwenye ngazi. Afande alisimama pembeni yangu na daftari lake wazi. Nilimwomba Mungu kwa majina yote niliyofundishwa, hata lile la bibi yangu, Mulungu, ambalo sikuwa nimelitamka tangu utotoni.

Mwisho redio ikaitika. Alikuwa mtunza kibanda cha banio, mtu wa huko huko juu milimani, mpole, asiyekwenda haraka hata akifukuzwa na nyuki.

"Kiwandani, nakupata. Habari za huko?"

"Watu wako wapi?"

"Tunashukuru, salama. Huku nasi ni salama tu, dada."

Nyinyi mnaozungumza Kiswahili mnalijua neno hilo. Mnajua kwamba kwetu mtu anaweza kuwa na maiti ndani na bado akajibu nzuri, kisha ndipo aseme ila. Nilisubiri ila. Nilikamata redio kwa mikono miwili, nikasubiri.

"Ila," alisema, "mto umekuja."

"Watu?"

"Wanne wametoka. Wazima."

Walioshuka Alhamisi walikuwa watano.

"Mjomba wako," akasema, sauti ikakatwa na upepo, ikarudi, "mjomba wako hatumwoni."

Dereva wa kampuni alinipandisha na gari mpaka barabara ilipokufa kwa matope, nikaendelea kwa miguu, viatu mkononi. Njia nzima nilikuwa natunga sentensi ya kumwambia mama. Mama alikuwa Mkuyuni na ndizi zake sokoni, hajui kitu. Ningefika, ningemwamkia, angeniuliza habari za kazi, nami ningejibu nzuri. Kila nilipoijaribu, sentensi ilianza hivyo hivyo, kwa nzuri, na sikujua ningetokaje hapo kwenda kwenye ile nyingine. Niliogopa uso wa mama kuliko nilivyouogopa mto.

Kabla ya kufika nilikisikia king'ora. Kilikuwa kinalia kwa nguvu zake zote juu ya nguzo, kimeamka baada ya mto kupita, kama mtu anayefika msibani watu wameshazika. Shimo halikuwepo. Pale palipokuwa na shimo palikuwa na maji ya rangi ya kahawia yaliyojaa mpaka ukingoni, na gogo limelala juu yake. Wanaume wanne walikuwa wamechuchumaa kando ya kibanda, wamejifunika magunia.

"Alikuwa wa mwisho kupanda?" nikauliza.

Wakatazamana. Mkubwa wao akakohoa. "Hakuwa shimoni, dada. Alikuwa kwenye jiwe."

"Jiwe gani? Nafasi ya jiwe si ilifutwa?"

Ndipo walipoeleza, wakiangalia chini kama watoto waliokamatwa. Tangu wiki ya kwanza ya mashine yangu mjomba hakukubali watu washuke wote. Walishuka wanne, wa tano akakaa kwenye jiwe, kwa zamu, na mchanga wake wakauchota wenzake. Meneja hakujua. Mimi ndiye niliyekatazwa zaidi kujua. Leo ilikuwa zamu ya mjomba mwenyewe. Alipiga ukelele wake wa zamani, wakapanda, wa mwisho akaacha buti moja shimoni. Walipogeuka, maji yalikuwa yamelizunguka jiwe, na mjomba hayupo juu yake. Ama alirukia ng'ambo, ama alichukuliwa.

"Tumeita," alisema. "Tumeita sana. Hajibu."

Nilisimama ukingoni nami nikaita. Sikuisikia hata sauti yangu mwenyewe. King'ora kilikuwa kinalia juu ya vichwa vyetu. Hapo nikaona tulichokuwa tunafanya: tulikuwa tunamwita mtu na kujiziba masikio wenyewe. Nilikwenda kwenye nguzo nikang'oa waya kwa mikono, bila kukata umeme kwanza, upumbavu ambao kwa siku nyingine ungenitia hofu mwezi mzima.

Kukawa na mto peke yake. Tukasikiliza. Nilihesabu pumzi zangu nikapotea. Halafu, ng'ambo, kutoka kwenye migomba, mtu akapiga mluzi.

"Shikamoo, mjomba!" Hayo ndiyo yaliyonitoka. Si "uko wapi", si "umeumia". Shikamoo.

"Marahaba!" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni yake. "Hujambo, mama?"

"Sijambo!" nilijibu, na machozi na makamasi yananichuruzika mpaka shingoni.

Maji yalipungua jioni, kama kawaida ya mito yetu. Wakamvusha kwenye daraja la magogo huko chini, mmoja mbele, mmoja nyuma. Paja lilikuwa limechanika vibaya na jiwe, na kucha mbili za mguu zilikuwa hazipo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniangalia miguu.

"Viatu viko wapi?"

Nilimuuliza kwa nini kila Ijumaa aliniambia safi kabisa, na kumbe hakukiamini king'ora hata siku moja.

"Ningekwambiaje?" alisema. "Ulikuwa umefurahi sana na mashine yako. Na wewe ukiogopa huli."

Nilimweleza yote hapo hapo, mbele ya wale wanne: Mlinzi, Jumatatu, shikamoo na kazi njema. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atanitukana, nami ningemshukuru. Akacheka, akashika paja kwa maumivu. "Kwa hiyo nusura adabu ituue," alisema. Wenzake wakacheka naye. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, wahenga walisema. Siku ile wao ndio walikuwa mashujaa na ndio waliocheka, mwoga ndiye aliyelia.

Kesho yake nilirekebisha programu. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Inakagua, inaiweka namba pembeni, inaaga, kisha inatoka na namba ile iliyowekwa, si ya kuaga. Nikabadilisha na amesimama, nikaandika amekufa. Nilimuua Mlinzi mara kumi na moja siku hiyo, na mara kumi na moja taa nyekundu ikawaka. Jumatatu iliyofuata nilimkuta Afande amefuta kwenye daftari kurasa zile za "amesimama" kwa wino mwekundu, mstari mmoja mmoja kwa rula.

Meneja sikumwambia. Niandike ukweli huu nao, maana ndio unaonichoma mpaka leo. Aliona kwenye taarifa kwamba king'ora kililia siku ya mafuriko na hakuna aliyekufa, akanipongeza mbele za watu. Mjomba alikuwa hospitali anashonwa. Niliangalia kona ya meza ya meneja, nikasema asante bosi. Watu wa banio waliendelea na zamu zao za jiwe kwa siri, nami nikaendelea kutojua kwa siri, na hivyo ndivyo mto ule ulivyolindwa hadi kiwanda kilipofungwa tena.

Lakini mjomba sikumwachia. Alipotoka hospitali nilimwekea sharti. Nilimwambia, "Mjomba, jibu salamu unavyotaka. Sema nzuri, sema salama, sema safi kabisa. Ukimaliza kuniaga, nipe namba. Kama uko mzima, sifuri. Kama si mzima, moja. Na namba ije mwisho kabisa, baada ya kazi njema."

"Mbona unanifanya kompyuta?"

"Kompyuta nimeshaitengeneza. Umebaki wewe."

Alikubali kama anavyokubaliwa mtoto. Kisha simu za mkononi zikaja, mimi nikahamia Dakawa kwenye ofisi ya wakulima wa mpunga, yeye akarudi shambani kwake juu ya Mkuyuni. Kila Alhamisi nilimpigia. Alinipa habari za mama, za mvua, za jirani aliyeoa tena kwa ubishi. Nilipomuuliza hali yake alisema nzuri. Akaniaga: kazi njema, mama. Kisha, baada ya kituo kidogo, kwa sauti ya mtu anayemridhisha kichaa wake: "Sifuri." Nilikuwa nasubiri hapo, simu nimeibana sikioni, pumzi nimeizuia, miaka na miaka. Alikohoa Alhamisi fulani, nikamuuliza mara tatu, akasema sifuri, sifuri, sifuri, wewe mtoto. Ilikuwa kweli, ni vumbi la mahindi.

Alhamisi ya mwisho nitakayoisimulia ilikuwa ya kawaida, na jua lake. Nilipiga mchana. Shikamoo, marahaba. Mama hajambo. Kuku hawajambo. Mvua ya kutosha, na yule jirani sasa anataka kuacha. Nikamuuliza, "Na wewe, mjomba, hali?"

"Nzuri," alisema. "Nzuri kabisa."

Sauti ilikuwa ile ile. Ofisini mtu alikuwa ananionyesha karatasi ya kusaini, nikamwashiria asubiri.

"Haya. Kazi njema, mama."

Nikangoja. Alikaa kimya muda mrefu kuliko siku zote, nikasikia jogoo kule kwake.

"Moja," alisema.

Nilikata simu bila kuaga, nikatoka.